Mchungaji, Umetuzibia

Alhamisi usiku nilisimama mahali pasipofaa. Nilikuwa nimepita kanisani kuhakikisha madirisha yamefungwa, maana upepo wa miezi hii ukilipata bati lililolegea haulali mpaka uling'oe. Nilidhani vijana wameshaondoka, kumbe bado wamo, gizani, wamezima umeme kwa makusudi. Vitu vyao vilikuwa vinaning'inia kwenye kenchi kama nguo zilizosahauliwa kambani. Nikasogea nione vizuri. Mara ukuta wote wa mbele ukajaa dude jeusi lisilo na kingo, kubwa kuliko mlango. Ilinichukua muda kutambua kwamba lilikuwa kichwa changu.

Katika giza lile sauti ya mtoto wa miaka minane, mdogo wake kijana mmoja wa kwaya, ikasema kwa adabu zote: "Mchungaji, samahani, umetuzibia."

Wakubwa wakacheka, kisha wakanyamaza walipokumbuka wanamcheka nani. Nami nikacheka, nikasogea pembeni. Lakini neno lile nimelala nalo na nimeamka nalo, na tafakari niliyokuwa nimeiandaa kwa juma hili nimeiweka kando.

Wanaotusoma kutoka mbali pengine hawajui usiku wa Kigoma ulivyo mwaka huu. Siku zote, mwezi unapokuwa mchanga au haupo kabisa, ukisimama Katonga au Kibirizi ukatazama ziwani unaona mji wa pili. Ni taa za wavuvi wa dagaa, zimetandaa juu ya maji mpaka unashindwa kujua ziwa linaishia wapi na milima ya Kongo inaanzia wapi. Babu zetu walivua kwa moto wa kuni uliowashwa kwenye mtumbwi, zikaja karabai, sasa ni taa za sola na betri. Kazi ni ile ile: dagaa hufuata mwanga, mgebuka humfuata dagaa, na mvuvi huwasubiri wote wawili na wavu wake. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi hupumzika, kwa sababu mwanga umekuwa kila mahali na samaki hawana sababu ya kuja kwako.

Mwaka huu wa 2024 taa hizo hazipo. Kwa makubaliano na majirani tunaochangia nao ziwa, uvuvi umesimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, samaki wapate nafasi ya kuzaana. Sitaki kubishana na uamuzi huo. Wavuvi wazee ninaowajua wote huniambia kwamba dagaa wa leo si wale wa ujana wao. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa kijana anayekula leo alichovua jana usiku. Wengine wamerudi mashambani kwao, Kasulu na Buhigwe. Wengine wanashona nyavu. Na wengine, wapatao tisa, wamekuwa wakija kanisani kila jioni kwa kuwa hawana pa kwenda.

Hao ndio waliotundika takataka.

Nasema takataka kwa sababu ndivyo zilivyo. Maboya ya plastiki yaliyopasuka. Chubwi. Nusu ya kasia. Vipande vya wavu wa dagaa uliochoka kiasi kwamba hata kuushona hakulipi. Vioo vya karabai, vingine vizima, vingine vigae. Ndala moja ya mguu wa kushoto iliyookotwa ufukweni. Kila kimoja kimefungwa kwa mshipi mwembamba wa nailoni usioonekana gizani. Kimoja juu, kingine chini, kimoja karibu na mimbari, kingine hatua nne nyuma yake, bila mpangilio wowote ambao jicho langu lingeweza kuuona. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni juma lililopita akaniuliza, kwa heshima lakini bila tabasamu, kama nimeruhusu jalala liingie nyumbani mwa Bwana. Nilimwambia tuwape muda. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa nimeelewa.

Nilipowapisha Alhamisi ile, ukutani ukatokea mtumbwi. Mtumbwi na watu sita ndani yake, mmoja amesimama ubavuni anavuta wavu, mwingine ameinama kama anayekumba maji. Hapakuwa na mtumbwi popote ndani ya jengo lile. Palikuwa na boya hapa, ndala kule na kasia katikati, na kivuli cha kila kimoja kilikwenda kukaa pale cha mwenzake kilipoishia. Vijana walikusudia simulizi ya Luka sura ya tano, Simoni na wenzake waliokesha wakivua na asubuhi hawana kitu. Kwa watu ambao ziwa lao limefungwa, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Haikuwa kazi nyepesi, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana mimi hupenda kujua kitu kinavyofanya kazi. Siku ya kwanza waliwasha tyubulaiti ya kanisa. Ukutani hapakuonekana kitu ila wingu. Tyubu ni ndefu, mwanga wake unatoka mahali pengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo panapotiwa giza na sehemu hii ya taa panaangazwa na sehemu ile. Wakaleta taa ya sola ya kuvulia. Hiyo ina vijitaa vingi, na kila kijitaa kikatupa kivuli chake: boya moja likawa maboya kumi na mawili yaliyolaliana. Aliyewakwamua ni fundi mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mzee aliyetengeneza karabai tangu enzi zile mitumbwi ilipokuwa haiendi ziwani bila hizo. Vijana walimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba kipande cha boksi, akakitoboa kwa msumari, akakifunga mbele ya taa kwa namna ambayo kijitaa kimoja tu kilibaki kinauona ukuta.

"Kivuli kizuri hakitaki mwanga mwingi," alisema. "Kinataka mwanga unaotoka sehemu moja."

Sikumwambia kwamba nitayaiba maneno yake, lakini nadhani alijua. Anawafahamu wahubiri.

Jambo la pili ni umbali. Taa ikiwa mita nne kutoka ukutani, na boya likatundikwa mita moja kutoka kwenye taa, kivuli kitakuwa kikubwa mara nne ya boya. Lisogeze mpaka nusu mita, kitakuwa mara nane. Ndiyo maana chubwi, kadude ka kufumbata mkononi, kanaweza kuwa kichwa cha mtu mzima, na boya kubwa likabaki karibu na ukubwa wake tu. Kila kimoja kinatafutiwa umbali wake. Lakini ukubwa huo una gharama. Kadiri kitu kinavyoisogelea taa, ndivyo kingo za kivuli chake zinavyolegea na kuwa ukungu. Kilicho karibu na ukuta hutupa kivuli kidogo ila kimechongeka. Kwenye kile kipande cha wavu mnaweza kuhesabu macho yake.

Kichwa changu ni cha kawaida, urefu wa robo mita hivi, na kilikuwa nusu mita kutoka kwenye taa. Pigeni hesabu. Mita mbili za mchungaji, na hakuna aliyeweza kusema sikio liko wapi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia: anayefunga haoni. Kijana aliye juu ya ngazi anaona boya linalozunguka mbele ya pua yake na basi. Lazima awepo mwenzake kule ukutani wa kupiga kelele, shusha, shusha tena, kushoto, hapo hapo, acha. Na huyo wa ukutani, anayeona kila kitu, mikono yake haifiki popote. Usidhani walifanya hivyo kwa upendo wa mitume. Waligombana. Kila aliyekuwa ngazini aliapa kwamba wa ukutani anamwonea, mpaka wakaamua kupokezana zamu, na aliyekuwa akilalamika sana ndiye aliyepiga kelele kuliko wote alipofika ukutani.

Narudi kwenye mita zangu mbili. Sisi tunaoitwa wachungaji tunakaa karibu na taa. Ndiyo kazi tuliyopewa: kuyasoma Maandiko wakati wengine wako shamba au ziwani, kuomba wakati wengine wamelala. Sioni kosa hapo. Ila sikuwahi kufikiri kwamba ukaribu ule ule ndio unaokikuza kivuli na kukivuruga. Miaka kadhaa iliyopita kina mama wa usharika wetu walianzisha kikundi cha kutengeneza sabuni ya mawese. Waliniomba niwafungulie kwa sala. Nikafungua kwa sala, kisha nikatoa wazo kuhusu bei, kisha wazo kuhusu makaratasi ya kufungia, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa mlezi, mshauri na mtia sahihi. Mgeni yeyote aliyekuja kuiona kazi yao aliletwa kwangu kwanza, nami nikamweleza kwa ufasaha mkubwa jinsi sabuni inavyochemshwa, mimi ambaye sijawahi kuichemsha. Nikaja kusafiri miezi miwili kwa matibabu. Niliporudi nilikuta masufuria yamefunikwa kifudifudi na buibui ameshaanza ujenzi. Mama mmoja akaniambia, "Tulikuwa tunakusubiri, Mchungaji."

Nililipokea kama sifa. Imenichukua miaka yote hii, na mtoto wa miaka minane, kusikia alichokuwa anakisema.

Wahenga walinena kwamba kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mrefu, majani yote yako kileleni, na aliyesimama shinani anachomwa na jua. Methali hii aghalabu hurushwa kwa mtu anayewafaa wageni huku ndugu zake wakiumia. Mimi siku hizi naisikia ikipita pia karibu na mlango wa ofisi yangu.

Na Ujiji tunao mvumo wetu, ingawa mti wenyewe ni mwembe. Wageni wanaoshuka hapa mwisho wa reli huuliza lilipo lile eneo ambako mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone. Mwembe wa asili ulishakufa. Pana mnara, pana miembe mingine, pana makumbusho yenye sanamu za wazungu hao wawili wakisalimiana. Ni kivuli kirefu kweli kweli, kinafika Uskoti. Lakini siku ile aliyekimbia kumpelekea yule mzee mgonjwa habari kwamba kuna mgeni anakuja alikuwa Susi. Na ni Susi na Chuma, pamoja na wenzao, walioubeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwendo wa miezi, hadi wakaingia Bagamoyo Februari 1874. Walikuwa shinani. Katika miaka yangu yote hapa nimeulizwa habari za Susi mara mbili, na mara moja muulizaji alikuwa mtoto aliyepewa kazi ya shule.

Livingstone mwenyewe aliijua hii kazi ya kutupa picha ukutani. Katika safari yake ya kulivuka bara, miaka mingi kabla hajafika Ujiji, alibeba taa ya kuonyeshea picha, kisanduku chenye moto ndani na lenzi mbele. Unapitisha kioo kilichochorwa, na picha inatokea mbele yako kubwa kama mtu. Mwaka 1854, katika baraza la chifu Shinte, nchi ya Walunda, picha ya kwanza aliyoionyesha ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka. Watu wakatazama, kina mama wakisikiliza maelezo kimya. Kisha akakisogeza kioo, na kisu kikaonekana kinakuja upande wao. Kina mama wakainuka wote pamoja wakakimbia, wakiita mama zao, na hakuna hata mmoja aliyerudi usiku ule. Shinte alikaa mpaka mwisho, na picha zilipokwisha akakichunguza kisanduku.

Kisa hiki husimuliwa ili watu wachekwe. Mimi siwezi kuwacheka. Kwanza, Mwanzo 22 ni sura ya kumkimbiza mtu yeyote aliye na mtoto, hata bila taa. Pili, wao ndio walioitazama picha ile kwa uzito unaostahili: kisu kinakuja, unaondoka. Mhubiri alikuwa anashughulika na kioo kinachofuata, na hakuangalia kisu kinaelekea kwa nani. Nami nimewahi kuhubiri hivyo. Jumapili moja nilimsifu Ibrahimu kwa utayari wake, kwa sauti kubwa, kwa sababu ndilo lililokuwa somo la siku na nilikuwa nimejiandaa vizuri, na benchi la tatu alikuwapo mama aliyemzika mwanawe Alhamisi iliyotangulia. Hakukimbia. Alikaa mpaka mwisho. Ingekuwa afadhali kwangu kama angekimbia.

Vijana wetu wamegundua kwamba hawako peke yao. Mmoja mwenye simu nzuri alinionyesha kazi ya Anila Quayyum Agha, mama mzaliwa wa Lahore, Pakistani, aliyehamia Marekani. Mwaka 2013 alitengeneza sanduku la mbao, karibu mita mbili kila upande, lililotobolewa kote nakshi za Kiislamu, akalitundika katikati ya chumba kitupu na kuweka ndani yake taa moja. Nakshi zikatambaa ukutani, darini, sakafuni, na juu ya nguo na nyuso za kila aliyeingia. Agha alikulia mahali ambapo msikiti, pamoja na uzuri wake wote, ulikuwa wa wanaume. Akatengeneza chumba ambacho ukishaingia tu, nakshi ziko juu yako, uwe nani. Nilimpa fundi wetu ile simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kila pembe, akanirudishia. "Unaona," alisema, "na yeye taa yake ni moja."

Vioo vya karabai navyo vilituletea mshangao wake. Vijana walitarajia vitupe kivuli cheusi kama maboya. Havikutupa. Kivuli cha kioo kina mwanga ndani yake, mikunjo na duara ndogo ndogo za weupe, kama maji ya ziwa asubuhi yanapocheza ubavuni mwa mtumbwi ulioegeshwa. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye dunia inamjua kwa vyungu vyake, mwaka 2014 alitundika vipande 1,001 vya kioo, umbo lake likitokana na pambo la sikio la Misri ya kale. Kazi hiyo sijaiona kwa macho. Nimeona vioo kumi na vitatu kutoka Katonga, vikiwa vimewekwa mahali pa mawimbi chini ya mtumbwi, nikaridhika.

Lugha yetu imelitwika neno kivuli kazi nyingi. Unapumzika kivulini, unakiogopa kivuli chako, bungeni wamewahi kuwapo mawaziri vivuli, na ukipeleka maombi ya kazi karani atakudai nakala kivuli ya cheti. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonisaidia kuusoma waraka kwa Waebrania. Mwandishi wake anasema torati ilikuwa na kivuli cha mema yajayo, si mambo yenyewe, na wengi wetu tumelichukua hilo kama tusi kwa torati. Lakini karani haitupi nakala kivuli. Anaipokea, anaigonga muhuri, anaiweka kwenye faili kwa uangalifu. Anachokataa ni wewe kufika nayo siku ya usaili ukasema cheti chenyewe hakina haja. Na hawezi kuwapo mtu mwenye nakala kivuli ya cheti ambacho hakijapata kuwapo, isipokuwa mwizi. Kivuli cha kweli kinadai mahali fulani kuwe na kitu, na nyuma ya kitu hicho kuwe na mwanga. Mengine yote kinayakosea: ukubwa, rangi, umbali. Ndala inakuwa mgongo wa mtume.

Ijumaa jioni nilialika kina mama wachache waje kuona. Miongoni mwao alikuwamo mama ambaye mumewe aliondoka usiku mmoja wa giza, miaka sita iliyopita, na ziwa hili lenye kina cha karibu mita 1,470 halikumrudisha. Wenzake waliokolewa, yeye hapana. Mama aliutazama ule mtumbwi wa ukutani akiwa amesimama, kanga ameikaza mabegani. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Akafika saba.

Vijana wakatazamana. Walikuwa wamefunga watu sita. Wa saba alikuwepo kweli, amekaa nyuma kabisa upande wa tezi, kichwa kimeinama kidogo, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona. Kina mama walipoondoka tulipanda ngazi tukatafuta. Lilikuwa fundo. Kijana mmoja alikuwa amekusanya nyuzi zilizobaki akazikaza kwenye msumari wa kenchi ili zisimchome mtu machoni. Fundo likawa kichwa, ncha zake zikawa mabega.

Mama hakusema ni nani. Aliuliza tu kama vitu hivi vitakuwepo hadi Jumapili. Nikamwambia vitakuwepo.

Usiku huo nilifungua Matendo ya Mitume sura ya tano. Watu wa Yerusalemu wanawatoa wagonjwa wao njiani, wanawalaza juu ya vitanda na magodoro, ili Petro akipita angalau kivuli chake kiwaangukie baadhi yao. Nimehubiri mstari huo mara nyingi kama ushahidi wa nguvu za Petro. Usomeni polepole. Luka anasema walichofanya watu na walichotumaini. Kuhusu kivuli, kilifanya nini, hasemi. Anaendelea na watu walioletwa kutoka miji ya kandokando, na kwamba hao waliponywa wote, lakini kile kivuli anakiacha pale njiani, kinapita. Wala hatuambiwi kwamba Petro aligeuka kutazama. Nendeni ufukweni jioni jua likizama Kongo, mtembee kuliendea: kivuli chenu kiko nyuma, kinapanda mchanga kuelekea mjini, kinawapitia wauza mihogo na watoto, na ninyi hamjui kimemwangukia nani. Mimi Alhamisi niliweza kukiona changu kwa sababu nilikuwa nimeipa taa kisogo.

Aliyefunga fundo amenifuata mara mbili. Ni kijana wa miaka ishirini, hasemi sana. Mara ya kwanza aliuliza kama alikate. Nilimwambia angoje, na nilikuwa na sababu zangu nzuri, tayari zimejipanga kama mahubiri: kwamba faraja si uongo, kwamba Luka naye alinyamaza. Nilikaribia kumweleza. Kisha akaja tena, na swali lake lilikuwa jingine. Aliuliza, "Mchungaji, utamwambia wewe?"

Nusura niseme ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwambia fundo ni lako na aliyemwona ni yeye, nenda ukamsalimie.

Alikwenda jioni. Walikaa nje, kwenye kigoda na ndoo iliyogeuzwa, kwa muda wa kutosha kuchambua dagaa wa kibaba kizima kama wangekuwepo. Sijui waliongea nini, na sikumuuliza. Aliporudi alipanda ngazi akaligusa fundo kwa kidole lisizunguke, akashuka. Bado lipo.

Jumapili hii basi ibada ya asubuhi itakuwa kama kawaida, na ya pili itakuwa saa mbili kasoro robo usiku, kwa sababu hapa kwetu jua huchelewa kuzama na tunahitaji giza kamili. Majirani zetu wa Ujiji wamealikwa. Fundi atakuwa na taa. Luka 5 itasomwa na yule kijana wa ngazini. Tafadhali ingieni kwa mlango wa pembeni. Ule wa mbele ukifunguliwa upepo wa ziwani unapiga nyuzi, mtumbwi unasambaratika vipande vipande, na huchukua dakika kadhaa kila mtu kurudi mahali pake. Watoto watakaa mbele kwenye mikeka. Mimi nitakuwa benchi la nyuma, karibu na swichi.